Namba ya Toleo Ni Ahadi kwa Nani?

Vitabu vimetudekeza. Toleo la pili likitoka, la kwanza linabaki kwenye rafu yako. Hakuna mchapishaji atakayebisha hodi usiku kulichukua. Kwenye programu mambo si hivyo. Duka linalopokea malipo kupitia API ya kampuni nyingine halina nakala ya kuweka kabatini. Kila ombi linakwenda kwenye mashine za mwenye mali, na siku akibadilisha jina la kitu kimoja tu, hata kwa nia njema, huku duka linasimama.

Ndiyo maana namba za matoleo zinanishughulisha, pengine kupita kiasi. Upo utaratibu wa Tom Preston-Werner wa namba tatu: ikipanda ya mwisho, kasoro imerekebishwa, ya katikati, kimeongezwa kitu bila kuvunja cha zamani, ya kwanza, kaa chonjo. Hapo namba ni neno la mtu, si hesabu. Stripe wao hutumia tarehe: akaunti yako inabaki kwenye toleo la siku ulipotuma ombi la kwanza, mpaka mwenyewe uamue kuhama.

Wapo wanaosema mtoaji hadaiwi kitu: mali yake, na masharti ulikubali mwenyewe. Mimi sikubali. Mwenye nyumba ana haki ya kukarabati paa, hata kupandisha kodi akishatoa notisi. Ila kuhamisha mlango wakati mpangaji yuko kazini, hapana. Februari 2023 Twitter walitangaza kufunga API ya bure kwa notisi ya wiki moja (baadaye wakasogeza tarehe). Wiki moja! Watu walikuwa wamealikwa wajenge pale.

Lakini tusiwaonee watoaji. Toleo la zamani likiwa na tundu la usalama, kuliacha wazi eti kwa kuheshimu ahadi ni kumsaliti mpangaji yuleyule. Python 3 ilitoka 2008, Python 2 ikaachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, na bado watu walilalamika. Hapo, jamani, mimi niko na watoaji.

Donald Knuth ameyakwepa yote haya. Kila akirekebisha TeX, namba yake inaongezwa tarakimu moja ya π, na ameagiza kwamba akifa iwe π yenyewe, na kasoro zitakazobaki zihesabiwe kuwa sehemu ya programu. Yeye anaweza, kwa sababu TeX unaichukua ukakaa nayo kwako.