Mkono Usioinuka Katika Takbira



Yuko ndugu mmoja katika mji wetu huu wa Eldoret, mtu wa safu ya kwanza, ambaye kwa miezi mingi alikuwa akifunga sala kwa kuinua mkono mmoja tu. Mkono wa kushoto ulikoma karibu na kiuno. Wako waliomdhania kiburi, wako waliosema ameipuuza Sunna, na mmoja wetu alimkemea mbele ya watu. Hapana aliyemwuliza kama anaumwa. Nami nilikuwapo, nikanyamaza.

Kumbe ndugu huyu ana kisukari, na bega lake limeganda. Kiungo cha bega kimezungukwa na mfuko mwembamba. Mfuko huo hufura, kisha hukaza na kusinyaa, hata mkono usipande wala usigeuke nyuma. Yeyote aweza kupatwa, khasa apitapo umri wa miaka 40, lakini wenye kisukari hupatwa zaidi sana, kwani sukari iliyozidi katika damu hushikana na nyuzi za mwili zikawa ngumu. Kwanza huja uchungu, na usiku ndio mbaya, mtu asiweze kulalia upande ule. Kisha uchungu hupungua na ugumu huzidi. Kisha bega hulegea pole pole. Safari hiyo huchukua mwaka 1 hata 3, na pengine zaidi.

Sasa tazameni tuliyoyafanya. Watu wa nyumbani walisema ni baridi ya Uasin Gishu. (Baridi tunayo, kwani mji wetu uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, lakini watu wa Mombasa nao huganda mabega.) Jirani akasema ni jini amekaa begani. Akaletwa mganga, akafunga hirizi, akaondoka na fedha ambazo zingalinunua dawa ya kisukari. Mabedui walipomwuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, aliwaamuru wajitibu, akawaeleza kuwa kila maradhi yamewekewa dawa isipokuwa uzee. Hirizi haikutajwa.

Na tiba ya bega hili yajulikana. Ni kuishika sukari isipande, na kukinyoosha kiungo kila siku kwa maelekezo ya wajuzi wa viungo. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi iko hapa hapa kwetu. Ziko pia sindano za kiungoni zipunguzazo uchungu, lakini hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Basi mwenye kisukari asichomwe pasipo kumweleza daktari hali yake, na baadaye apime mara kwa mara. Vidonge vya maumivu vya dukani navyo asivimeze ovyo, kwani vingine hudhuru figo.

Ama sala yake haina upungufu. Kuinua mikono ni sunna. Nguzo ni takbira yenyewe. Imran bin Husein alikuwa na bawasili, akaamriwa asali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Ikiwa kusimama, ambako ni nguzo, kumesamehewa kwa maradhi, mkono huu utadaiwa nini? Na katika safari ya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, Mtume (S.A.W.) alivaa juba la Sham lenye mikono myembamba, mkono wa nguo ukakataa kupanda, akautoa mkono wake kwa chini, na Mughira bin Shu'ba akammiminia maji ya udhu. Basi si aibu mgonjwa kumiminiwa maji na mkewe au mwanawe. Wala si aibu kuvikwa kanzu: mkono mgonjwa hutangulia kuingia, na huwa wa mwisho kutoka.

Ndugu yetu ameivua hirizi. Kila baada ya Alfajiri husimama mbele ya ukuta wa chumba chake, akapandisha vidole kimoja kimoja, akatia alama ya kalamu pale vinapokoma. Aliyemkemea alikwenda kumtaka radhi, nami nilifuatana naye. Alituonyesha alama ya siku ile: ilikuwa imefika usawa wa kifua.