Ushahidi wa Picha

Picha husifiwa kuwa shahidi asiyesema uwongo. Sifa hiyo ni nyepesi kutamka, lakini ni nzito kuthibitisha. Je, yamkini picha iwe ya kweli, na bado imwache mtazamaji katika upotofu? Na kama yamkini, lawama ni ya nani: ya nuru, ya mpiga picha, au ya mtazamaji?

Tuchukue mfano wa Moore Hall, jumba la shamba katika wilaya ya Mayo, magharibi ya Ireland. Lilijengwa kati ya 1792 na 1795, juu ya kilima kielekeacho ziwa Carra, na George Moore, aliyepata utajiri wake kwa biashara huko Hispania. Lilichomwa moto tarehe 1 Februari 1923, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tangu siku hiyo halikukaliwa tena. Kuta zimesimama, madirisha ni matundu matupu, na msitu umelizunguka.

Magofu ya namna hii huwavuta wapiga picha, na baadhi yao hupenda nuru ya infraredi, ambayo William Herschel aliigundua mwaka 1800. Uwezo wa jicho letu hukoma karibu na nanomita 700. Nuru hiyo huanzia hapo. Robert W. Wood alionyesha picha za mandhari zilizopigwa kwayo mwaka 1910. Ndani yake mbingu ya buluu huwa nyeusi, na majani mabichi huwa meupe kana kwamba yamefunikwa na theluji. Simon Marsden, Mwingereza aliyefariki mwaka 2012, alipata sifa kwa kupiga magofu ya Uingereza na Ireland kwa njia hiyo, hata yakaonekana kuwa makao ya mizimu.

Hapa ndipo fumbo lilipo. Weupe ule si theluji wala si kifo. Wala si joto la jani, kama wengi wadhanivyo. Jani lenye afya hurudisha kwa wingi nuru ya infraredi itokayo katika jua. Likiugua, aghalabu mng'ao wake hupungua. Basi kile king'aacho kuliko vyote katika picha ndicho kilicho hai. Mtazamaji asiyejua huona uhai, akauita mauti. Kamera haikusema uwongo, walakini mtu amedanganyika. Usilolijua ni kama usiku wa giza.

Kama jani lisomwavyo vibaya, ndivyo na jumba. Mtu wa kwanza hulitazama akalilia uzuri uliopotea, asikumbuke kuwa fahari ya majumba kama hayo ilitegemea kodi za wakulima maskini. Mtu wa pili hufurahi, akasema kuwa kasri la mabwana limepata malipo yake. Naye amepotea. Katika njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 na kuua watu wapatao milioni moja, George Henry Moore alitumia fedha alizopata katika mashindano ya farasi kuwasaidia wapangaji wake. John Moore, wa ukoo huohuo, alifanywa rais wa jamhuri ya Connacht katika maasi ya 1798. Waliolichoma jumba walikuwa wapinzani wa serikali mpya ya Ireland, ambayo Maurice Moore, ndugu wa mwenye nyumba, alikuwa seneta wake. Gofu halionyeshi hata moja katika mambo haya.

Labda mtu atasema kuwa mpiga picha ni msanii, si mwalimu wa historia, na kwamba uzuri haudaiwi maelezo. Hoja hii ina nusu ya haki. Kuona uzuri katika gofu si dhambi, na picha moja haiwezi kubeba karne mbili. Lakini achumaye uzuri mahali walipoumia watu amekopa kwao, na mkopo hulipwa. Malipo yenyewe si makubwa: ni jina la mahali, tarehe, na neno la kweli juu ya yaliyotendeka.

Kwa hiyo nuru haina lawama. Mpiga picha ana lawama ikiwa anajua, akaficha ili mizimu yake ipate wateja. Mtazamaji ana lawama ikiwa ameridhika na mshangao, asiulize jani lile ni jeupe kwa nini, na paa lile lilikwenda wapi.