Jina Jipya na Deni la Zamani



Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike juu ya neno la Mtume Paulo katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 5 mstari wa 17, linalohusu mtu kufanywa kiumbe kipya katika Kristo. Nilikubali upesi mno, kwa kuwa mstari huo nimeufundisha katika vipindi vya dini kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilipoketi kuandika, kalamu ilinigomea. Sababu yake nitaieleza, ingawa si rahisi kwangu.

Huku kwetu mtoto huja na jina lake. Wakizaliwa mapacha ni Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija. Aliyezaliwa wakati wa mvua ni Mabula. Siku ya ubatizo Kulwa anakuwa Petro, Doto anakuwa Maria, na wengi wetu tunadhani kazi imekwisha pale pale majini. Shuleni niliwaona akina Petro wengi wenye majina mawili na tabia moja. Mwalimu wao alikuwa mmoja wao.

Kanisa letu la Anglikana katika Afrika Mashariki liliwahi kuamshwa katika usingizi wa namna hii. Mwaka 1929 Dakta Joe Church, mganga wa hospitali ya misheni ya Gahini huko Rwanda, alikutana Kampala na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Wote wawili walikuwa Wakristo wa siku nyingi, na wote wawili walijiona wamepungukiwa. Wakafungua Biblia pamoja, wakaomba. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu kule Gahini. Yeye alifariki Januari 1936 angali kijana, lakini moto ule haukuzimika; ulienea Uganda, ukavuka mpaka kuja upande wa Bukoba, ukaingia Tanganyika. Watu wakawaita Balokole, maana yake waliookoka. Wengine waliwacheka, na ndani ya Kanisa wapo waliowachukia kwa sababu walisema dhambi zao hadharani. Nakiri kwamba wengine walizidisha.

Lakini tazameni walichofanya. Watu hawa walikuwa wamekwisha kubatizwa na kuwekewa mikono. Upya wao ulijulikana kwa miguu yao: waliondoka nyumbani wakaenda kurudisha vitu. Aliyeiba alirudisha, aliyedaiwa alilipa, aliyechukia alikwenda kwa yule aliyemchukia. Festo Kivengere, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Kigezi, alikuwa mwalimu kijana alipookoka mwanzoni mwa miaka ya 1940. Alipanda baiskeli akaenda kumwomba radhi Mzungu mmoja ambaye alikuwa akimchukia. Kisha alikuja kufundisha Dodoma kwa miaka mingi, na baadhi ya wazee wetu walimsikia kwa masikio yao.

Hapa Kahama mfano wa jambo hili tunao mlangoni. Mchimbaji mdogo huleta mawe yake kwenye karasha, yakasagwa, yakaoshwa, zebaki ikashika dhahabu. Mchanga unaobaki tunauita marudio. Zamani watu waliutupa. Siku hizi hautupwi, kwa maana ndani yake imebaki dhahabu nyingi ambayo maji ya kwanza hayakuitoa, na wenye mitaji hununua marudio wakayapitisha kwenye dawa kali ili waipate. Nimelifikiria jambo hili sana. Nilioshwa mara moja, nikiwa mtoto. Je, ni kiasi gani cha moyo wangu kilichobaki katika marudio?

Sasa nieleze habari yangu.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu wa darasa la sita katika shule moja ambayo sitaitaja. Mnakumbuka nyakati zile. Daftari lilikuwa kama lulu. Niliwachangisha watoto fedha za madaftari, na siku moja fedha hizo zikapotea mezani kwangu. Mvulana mmoja alikuwa amebaki darasani kufagia. Nilimwita mbele ya gwaride, nikamchapa, nikamwita mwizi kwa sauti kubwa. Hakulia, nami niliona kutolia kwake kuwa ushahidi.

Baada ya majuma matatu, nilipokuwa nikifunga hesabu za muhula, nilivua karatasi ya kaki niliyokuwa nimejaladia kitabu cha mahudhurio. Fedha zilikuwa mle, kati ya jalada na karatasi, hata senti haikupungua. Nilizipeleka ofisini nikasema zimeonekana. Zimeonekana! Kwa Kiswahili fasaha kama hicho, mwalimu anaweza kuficha mengi. Gwaride sikuliita tena. Mvulana alikuwa amekwisha kuacha shule, akaenda Bulyanhulu, wakati ule wachimbaji wadogo walipokuwa wengi kule, miaka mingi kabla ya mgodi mkubwa kufunguliwa mwaka 2001.

Tangu siku ile nimeshiriki Meza ya Bwana mara zisizohesabika. Nimesoma masomo kanisani. Nimefundisha habari za Zakayo, Luka 19, kwamba aliahidi kurudisha mara nne, na watoto wakanijibu vizuri katika mtihani.

Mwezi uliopita nilimwendea. Sasa ni mtu mzima, ana karasha lake na wajukuu. Alinikaribisha, akanipa kiti, akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Nilishindwa kuitikia. Nilimweleza yote mpaka kwenye ile karatasi ya kaki, nikamwomba radhi. Nilikuwa nimechukua na fedha kidogo, nikikumbuka agizo la Hesabu sura ya 5, kwamba anayekiri arudishe na kuongeza sehemu ya tano.

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, fedha zako kaa nazo. Mimi nilijua siku ile ile kwamba sikuiba. Lakini mama yangu alikufa akijua amezaa mwizi. Ndugu zangu kule kijijini hata leo nikifika wanafunga sanduku."

Nilikuwa nimekwenda nikitafuta upya wangu mimi. Sikuwa nimefikiri kwamba kuna mtu mwingine ambaye nilimpa jina siku ile, na kwamba jina hilo amelivaa kwa karibu miaka arobaini. Yeye hakuhitaji kuzaliwa upya katika jambo lile. Alihitaji mwalimu wake afute ubaoni alichokiandika.

Nilimwuliza kama amenisamehe. Alijibu, "Twende kwanza nyumbani."

Basi Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu tutakwenda kijijini kwao. Kasisi amekubali kunisindikiza. Watakusanyika ndugu zake na wazee waliobaki, karibu na kaburi la mama yake. Nitasimama, nitamtaja kwa majina yake yote mawili, na nitasema kwamba hakuiba. Miguu yangu ni mizito, na wenzangu wawili waliokuwa walimu wamenishauri niache. Naomba mniombee.