Kuku Anayejinyonyoa Manyoya

Somo: Marko 5:1–20



Bwana wetu alifundisha watu kwa vitu vidogo: shomoro, chumvi, taa, punje ya haradali. Tena aliposema na mji wa Yerusalemu, alijifananisha na kuku mwenye vifaranga (Mathayo 23:37). Basi mtu asione ajabu nikilianza fundisho hili bandani.

Huku Mazinde, chini ya milima ya Usambara, nyumba nyingi zina kuku mmoja apendwaye kuliko wenzake. Watoto wamempa jina. Hula mkononi mwao, na mvua inyeshapo huingia ndani kama mwenye nyumba. Hata siku moja huonekana akigeuza shingo, akishika unyoya wake mwenyewe kwa mdomo na kuung'oa. Siku si nyingi kifua chake ki wazi. Ndipo maneno yaanzapo. Mmoja asema, Amelogwa. Wa pili asema, Hii ni ishara ya msiba. Wa tatu asema, Mchinjeni kabla hajakonda. Wote watatu wamekwisha kuhukumu, wala hakuna hata mmoja aliyemshika kuku akamtazama.

Lakini sababu za jambo hili si moja. Iko ya kwanza, ambayo si ugonjwa kabisa. Kuku atakaye kuatamia hujinyonyoa manyoya ya kifua, akayatandika kiotani, ili ngozi yake iguse mayai na kuyapa joto siku ishirini na moja. Uchi wake ni upendo wake. Iko ya pili, nayo ni majira: kuku hubadili manyoya, kwa kawaida mara moja kwa mwaka. Ya zamani huanguka yenyewe, naye hujidonoa-donoa kuyaondoa. Mayai hupungua, na vijiti vya manyoya mapya huchomoza ngozini kama miiba. Huyo ataka chakula na utulivu tu.

Ya tatu ni njaa iliyofichika. Manyoya hujengwa kwa chakula kile kile kijengacho nyama ya mwili; kuku alishwaye pumba na mahindi matupu hana cha kuyajengea, na wengine huanza kung'oana manyoya na kuyala. Huyo apewe dagaa, mchwa na majani mabichi. Ya nne ni kifungo: kuku aliyefungiwa mchana kutwa ndani ya tenga, asiwe na pa kuparua wala vumbi la kuogea, huugeuzia mwili wake mwenyewe ule mdomo aliopewa wa kutafutia chakula.

Ya tano ni wadudu. Chawa hukaa mwilini. Ukiyafunua manyoya karibu na mkia utawaona, na mayai yao yameshikamana penye mashina ya manyoya. Bali utitiri mwekundu una hila. Mchana hujificha katika nyufa za banda na chini ya fito. Usiku hutoka na kunyonya damu. Mwenye kuku akitazama mchana, haoni kitu, hunena, Kuku huyu ana wazimu. Lakini akienda usiku na taa, akazimulika nyufa, ataujua ukweli. Hapo ataichoma takataka ya kiota cha zamani, atasafisha banda, ataziba nyufa, atamwekea kuku majivu na vumbi la kuogea, na ikibidi atamwita bwana mifugo kwa dawa.

Sasa tulitazame somo letu. Mtu yule wa nchi ya Wagerasi alikaa makaburini, akipiga kelele usiku na mchana, akijikata kwa mawe. Watu wa mji walifanya nini? Walimfunga kwa minyororo na pingu. Naye alipoivunja, walimwacha. Ukilisoma somo lote, huoni mahali ambapo mtu wa mji alimwuliza neno. Yesu alishuka chomboni, akasimama mbele yake, akauliza jina lake. Tazameni, wapenzi: wengine waliliona jeraha, Bwana alimtafuta adui aliyekuwa nyuma ya jeraha. Hakuufunga mkono ulioshika jiwe, bali alimfukuza yule aliyeutuma.

Wala si mtu mmoja tu awezaye kujidhuru, bali nchi nzima pia. Kimweri ya Nyumbai, aliyetawala Vuga, alifariki mwaka 1862. Baada yake watu wa ukoo wake waligombea ukuu. Semboja, mwanawe, aliyekaa hapa hapa Mazinde penye njia ya misafara, alipata bunduki na baruti, akapigana na Shekulwavu, mjukuu wa mfalme yule. Vita vilienea, na watu waliuzwa utumwani pwani ili zipatikane bunduki zaidi. Nchi ya Usambara ilijinyonyoa manyoya yake kwa mdomo wake yenyewe. Kila upande ulimwona adui upande wa pili. Uchu wa ukuu na wa mali ulikaa nyufani, ukanyonya damu ya pande zote mbili. Wasambaa wana maneno mawili ya kale: kubana shi, ndiyo kuharibu nchi, na kuzifya shi, ndiyo kuiponya. Wazee wetu walijua ya kuwa nchi huugua kwa sababu, na ya kuwa aliye mkubwa huulizwa habari ya ugonjwa huo.

Nasema nanyi hasa, walimu wa Injili na wazee wa kanisa, maana kwenu huletwa habari za watu waliojinyonyoa. Katika mtaa mmoja wa tambarare hii alikuwako mama aliyekuwa kwanza katika kwaya na katika kutoa sadaka. Akaacha kuja ibadani. Akauza vitenge vyake, kisha mbuzi wake. Akakonda, nguo zikamwia kuukuu, na alipoulizwa njiani alijibu kwa ukali. Wengine walisema ana pepo. Wengine walisema amerudia waganga, ndiko mali ilikokwenda. Ikanenwa barazani kwamba atengwe na Meza ya Bwana. Mzee mmoja akaomba siku tatu. Akaenda na mkewe jioni, saa ambayo kazi za shamba zimekwisha na mlango u wazi. Wakamkuta mama yule akimgeuza kitandani mama mkwe wake, ambaye hawezi kusimama wala kusema. Alimwogesha na kumlisha peke yake mwezi wa saba sasa, na mali yote ilikwisha kwa dawa. Hakusema, kwa kuwa mgonjwa aliona haya kujulikana hali yake.

Ndugu zangu, hapakuwa na pepo pale. Palikuwa na kuku aliyekivua kifua chake ili mwingine apate joto. Nasi tulikuwa karibu kumhukumu kwa tendo lililo jema kuliko mengi ya kwetu. Tangu siku ile akina mama wa mtaa walipangiana zamu, naye akalala usingizi.

Je, yatupasa kusema ya kwamba kila ajidhuruye ana sababu njema? Hasha. Alewaye mshahara wake hatendi mema, na dhambi yaitwa dhambi. Lakini hata dhambi ina nyufa zake: deni asilolitaja, mtoto aliyezikwa, kipigo cha nyumbani, hofu ya usiku. Ukilipaka chokaa banda kwa nje na kuziacha nyufa, utitiri utarudi. Dakt. Martin Luther, akiieleza Amri ya Nane katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, atuagiza kumtetea jirani na kuyapokea mambo yake kwa upande ulio mwema. Agizo hilo haliwezekani kwa mtu akaaye barazani. Lataka miguu, na taa, na masikio. Na mtu akikuambia kwamba ataka kujiua au kujiumiza, usimwache peke yake usiku ule; kaa naye, waite jamaa zake, mpeleke hospitali. Kumpeleka kwa mganga wa mwili si upungufu wa imani.

Mwisho wa somo watu wa mji walikuja, wakamwona mtu yule ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Amevaa nguo! Nani alimvika, Marko hakutuandikia. Lakini atuandikia katika sura ya kumi na tano habari za Mwingine aliyevuliwa nguo, na askari wakazipigia kura. Yeye hakujivua kwa wazimu, bali alikubali kuvuliwa kwa ajili yetu, apate kutufunika sisi tulio uchi, kama kuku afunikavyo vifaranga. Basi aliyefunikwa na Bwana huyo amwendee leo jirani aliye uchi, wala asianze kwa kuhukumu, bali aanze kwa kuuliza. Amin.