Juisi Iliyokaa Dirishani

Desemba Dar es Salaam ni mwezi wa nyumba kujaa. Shule zimefungwa, kaskazi inavuma lakini haipozi kitu, na watoto wa ndugu wanashushwa kwenye mabasi ya mikoani, kila mmoja na begi lake la nguo na kifurushi cha mchele "wa shangazi". Usiku hakulaliki. Mchana maji ya kunywa hayatoshi. Na tangu siku ya kwanza swali ni moja: baharini tunakwenda lini?

Kisa hiki ni cha kutunga. Sitataja jina la mtu, kwa kuwa hakuna mtu mmoja ninayemlenga. Lakini hakuna tendo hata moja ndani yake ambalo halifanyiki majumbani kwetu, tena na watu makini, na ndiyo sababu ya kukisimulia. Mzembe sina haja naye leo. Huyo ameshaonywa sana.

Nyumba yenyewe iko Tabata. Kiwanja ni kidogo, kwa hiyo baba mwenye nyumba alipanda mboga kwenye viroba: udongo, samadi, pumba za mpunga kidogo, na matundu ya kutolea maji chini. Alikuwa na nyanya, bamia, mchicha na pilipili mbuzi mbili tatu. Likizo ilipofika, bustani ikawa ya watoto. Jioni waligombania kopo la kumwagilia, na mpwa wa mama, mtoto wa miaka saba aliyetoka Morogoro, alijichagulia kiroba chake cha nyanya na kukipa jina la timu yake ya mpira.

Katikati ya mwezi majani ya nyanya yakaanza kuwa na mabaka meupe, kisha yakakauka kuanzia pembeni. Kwenye nyanya changa, karibu na kikonyo, kulikuwa na vitundu ambavyo usingeviona bila kuinama. Mkulima yeyote wa nyanya angekwambia hapohapo: kantangaze. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kusini, Tanzania aliingia mwaka 2014, na tangu hapo amewatia watu umaskini. Kiwavi wake hujificha ndani ya jani au ndani ya tunda, ndiyo maana dawa nyingi zinampita juu, na mkulima naye huzidisha kipimo kwa hasira.

Baba akaenda duka la pembejeo. Dawa ilikuwa kwenye galoni la lita moja, na lita moja ni ya shamba. Lebo yake huandikwa kwa hesabu ya bomba la mgongoni la lita 15 au 20, na kwa ekari. Mtu mwenye viroba kumi na viwili hana pa kuingia katika hesabu hiyo. Muuzaji, kijana mpole asiye na nia mbaya, alifanya anachofanya kila siku: alichukua kichupa cha dawa ya kikohozi kilichokwisha, akammiminia mteja wake cha kumtosha, akamwambia, "Kifuniko kimoja kwa lita tano, mzee, halafu uwe na barakoa." Lebo ikabaki dukani na galoni lake. Jina la dawa likabaki huko. Rangi iliyozunguka chini ya lebo nayo ikabaki huko, ile ambayo ikiwa nyekundu ni sumu kali kupita zote, kisha manjano, kisha buluu, na kijani ndiyo yenye madhara madogo kuliko wenzake.

Jioni ya Krismasi, wageni walipoondoka, baba akachanganya. Alitumia chupa ya soda ya lita moja na nusu. Inafaa kutazama tendo hili kwa karibu, maana kila kilichofuata kilitokana nalo. Dawa ilikuwa kimiminika chembamba cha kahawia iliyofifia, chenye harufu ya mafuta ya taa. Tone la kwanza lilipogusa maji lilifunguka kama moshi, na kabla hajamaliza kumimina kifuniko cha pili (kimoja aliona hakitatosha kwa kantangaze) chupa nzima ilikuwa nyeupe, nyeupe ya maziwa, bila kuonekana ng'ambo. Ndivyo zinavyofanya dawa nyingi za mafuta: zikikutana na maji huwa nyeupe. Akajaza chupa ya kupulizia, akapuliza juu na chini ya majani, akaosha mikono kwa sabuni mara mbili. Kwenye chupa ya soda ilibaki nusu.

Kumwaga aliona ni hasara, tena ni kuchafua mfereji. Akaikaza kifuniko na kuiweka juu kwenye dirisha la jikoni, upande wa nje wa wavu, mahali ambapo hata mtoto mkubwa kuliko wote akipanda kiti hafiki. Alijisikia amefanya jambo la busara. Na kwa kadiri ya watoto, alilifanya kweli.

Siku hiyohiyo mama naye alikuwa na chupa zake. Tangu Novemba alikusanya chupa za soda na za maji, akazisuuza na kuzianika, kwa ajili ya juisi ya ubuyu ya safari. Ubuyu ulilowekwa, ukachujwa, ukatiwa sukari na iliki, ukamiminwa chupa moja baada ya nyingine, na kila chupa ikawa nyeupe kama ile ya dirishani. Nyingi ziliingia kwenye friza ili zigande. Mbili tatu zilikosa nafasi, zikakaa kwenye ndoo ya maji baridi.

Asubuhi ya Desemba 26 nyumba ilikuwa kama soko. Nani amechukua taulo langu, pilau la jana liko wapi, umeme umekatika, simu hazijajaa chaji. Mama akatupa jicho dirishani, akaona chupa ya juisi iliyosahauliwa. "Hawa watoto!" akasema peke yake. Akaishusha na kuitia kapuni. Aliitia ili isipotee bure. Juu ya chakula aliweka nyanya nne, zilizochumwa alfajiri ileile kwenye viroba vilivyopulizwa jana, za kachumbari ya ufukweni. Nyanya hizo hazikuliwa, na tulizungumze hapahapa tumalizane nalo: kila dawa ina siku zake za kusubiri kati ya kupuliza na kuchuma, nyingine siku chache, nyingine wiki mbili, na huandikwa kwenye lebo. Anayenunua dawa ya kupimiwa hanunui siku hizo.

Wakapanda daladala hadi Kivukoni, pantoni, kisha bajaji mbili hadi ufukweni Kigamboni. Jua lilikuwa limeshapanda. Kabla ya nguo kuvuliwa, watoto walivamia kapu. Chupa zilizoganda hazinyweki, barafu inabisha tu ndani, kwa hiyo mpwa wa Morogoro alichagua ile isiyoganda. Alikuwa na kiu, akainywa kwa mkupuo.

"Shangazi, hii imechacha."

"Si imelala nje. Mwaga, chukua nyingine."

Mafunda mawili, labda matatu. Chupa ikamwagwa mchangani, ikabaki robo, ikawekwa kando ya mkeka.

Robo saa hivi mtoto alikuwa akicheza. Baadaye akaja akishika tumbo, akatapika, akalala. Mama akasema ni jua. Baba akasema ni maji ya chumvi, ameyameza. Jirani wa mkeka wa pili akasema ni pilau lililolala. Kila dhana ilikuwa na akili yake, na kila moja ilikula dakika. Kisha mate yakaanza kumtoka mtoto, mengi, yasiyokatika, na jasho likamlowesha ingawa alikuwa kivulini. Akajisaidia bila kujijua. Kifua kikaanza kukoroma. Baba aliinua chupa ili amnyweshe maji, akashika isiyo yenyewe, na harufu ikampanda puani.

Watu walikusanyika na kila mmoja alikuja na tiba yake. Maziwa, yanakata sumu. Mafuta ya kula. Mtie kidole atapike. Wanaosema hivyo wanasema kwa huruma, lakini ushauri huo umeshaua. Maziwa hayaondoi sumu hii. Kumtapisha mtu aliyemeza dawa iliyochanganywa na mafuta ni kumwekea mafuta hayo njia ya kwenda mapafuni, na hivyo ndivyo ilivyo pia kwa aliyekunywa mafuta ya taa. Mtu mmoja tu pale, mama muuza mihogo, alifanya la maana: alimlaza mtoto kwa ubavu ili matapishi yasimrudie, akamvua nguo zilizolowa, akamwagia maji mwilini, akamwambia baba, "Hiyo chupa usiiache." Dawa za aina hii hupenya ngozi. Baba, aliyembeba mtoto kifuani kwenye bajaji na shati lililolowa matapishi, alishinda na kichwa kinachomgonga hadi usiku.

Hospitali swali la kwanza lilikuwa, amekunywa nini? Chupa ilisema soda. Baba alisema, "Dawa ya nyanya." Ya jina gani? Hakujua. Akapiga simu dukani, sikukuu, haipokelewi.

Daktari hakungoja jina. Alitazama mboni za macho, zilikuwa zimebana hadi vidoa vidogo, akasikiliza kifua kilichojaa maji, akaona mate na jasho, akajua ni kundi la dawa za oganofosfeti ambalo wakulima wengi wa nyanya wamelitumia miaka nenda miaka rudi. Mwili una kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzima ujumbe wa mishipa ya fahamu baada ya kufika. Dawa hizi hukifunga kimeng'enya hicho. Ujumbe haukatiki tena: tezi zinatoa mate na makamasi bila kukoma, utumbo unajikamua, misuli inatetemeka kisha inachoka, na misuli inayochoka ni pamoja na ile ya kuvutia pumzi. Mgonjwa anaweza kuzama kwa maji ya kifua chake mwenyewe, yuko nchi kavu. Tiba inayojulikana ni sindano ya atropini, inayorudiwa tena na tena mpaka kifua kikauke, pamoja na oksijeni, na mashine ya kupumulia ikibidi. Kwa mtoto huyu ilibidi. Alipona. Wengine hawaponi, na wengi wao hawakubahatika kupata mafunda mawili tu.

Sasa lililobaki, ambalo mimi naona ni zito kuliko yote. Usiku ule mama alimpigia kaka yake Morogoro. Hakujua aanze na neno gani. Kaka akasikiliza, akanyamaza, kisha akasema, "Dada, nilikupa mtoto akiwa mzima." Ukoo ukagawana lawama kwa siku nyingi, na kama ilivyo desturi yetu sehemu kubwa ilimwangukia mwanamke, kwa kuwa ndiye aliyetia chupa kapuni. Mimi siikubali hesabu hiyo. Yeye aliona chupa ya soda, yenye rangi ya juisi yake, kwenye dirisha la jiko lake, katika juma alilotengeneza chupa kama hizo. Mwenye akili timamu angeona nini kingine? Kosa lilifanyika dawa ilipovuliwa chombo chake na kuvikwa cha kinywaji, likaanzia dukani na kumalizikia kwa baba. "Weka mbali na watoto" baba aliitii kikamilifu. Hakufikiria kwamba mkono utakaoishusha chupa ile ungekuwa wa mtu mzima, tena mwenye haraka na moyo wa kubana matumizi.

Anayetaka kupulizia viroba vyake, basi, achanganye kiasi cha kumalizika jioni ileile, kwenye kopo ambalo halijawahi wala halitawahi kuingia jikoni. Kikibaki, kirudishwe kwenye mimea ileile, si kwenye chupa. Dawa isiyochanganywa ikae kwenye chombo chake chenye lebo, ndani ya kitu kinachofungwa kwa kufuli, nje ya nyumba. Chombo kikiisha kisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yaingie kwenye bomba la kupulizia, kisha kitobolewe ili muokota makopo asikipeleke kwa muuza mafuta ya kula. Nchini kuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, makao yake makuu yako Arusha, na viuatilifu husajiliwa kwanza ndipo viuzwe. Lakini usajili unaihusu dawa iliyo kwenye galoni lake. Kichupa cha kikohozi hakina msajili.

Wiki ya kwanza ya Januari baba alirudi dukani akiwa amejiandaa kugombana. Yule kijana alimsikiliza mpaka mwisho, akashusha galoni, akamsomea jina na kumwonyesha utepe wa manjano chini ya lebo. Kisha akamuuliza, bila ujeuri, "Mzee, siku ile ningekwambia siuzi pungufu ya lita, ungenunua lita?" Baba hakumjibu. Asingenunua, na wote wawili walijua hivyo. Siku hizi anatwanga majani ya mwarobaini, analoweka usiku kucha, anachuja, anatia sabuni kidogo na kupuliza jioni, na majani yenye mabaka anayachuma kwa mkono na kuyachoma. Kantangaze hajaisha. Nyanya zinazovunwa ni chache na nyingine zina vitundu, na za mchuzi mama ananunua gengeni.