Mizani Zifike Luano

Mkitaka kuwapima marais wa Marekani kwa habari ya mtu mweusi, msiishie Washington. Njooni hapa kwenye uwanja wa ndege wa Luano, Katanga.

Tarehe 17 Januari 1961, jioni ikikaribia, ndege ilitua kwenye uwanja huu. Walishushwa watu watatu: Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito. Wamefungwa kamba, wamezibwa macho, wamepigwa njia nzima. Wakapigwa tena hapa chini, askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Sweden wakitazama kwa mbali. Usiku uleule wakauawa kwa risasi.

Sitaficha: waliofyatua ni Wakatanga, na Wabelgiji walisimamia. Tshombe, kiongozi wa Katanga, alikuwepo. Tutubu sisi kwanza! Lakini toba yetu haimfutii deni Rais Dwight Eisenhower wa Marekani.

Mwaka 1957 alituma wanajeshi katika mji wa Little Rock, kwao Marekani, ili watoto tisa weusi waingie shule waliyonyimwa. Alifanya vema, na haki yake apewe. Agosti 1960, katika kikao cha usalama wa taifa, alisema neno juu ya Lumumba. Robert Johnson, aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao, aliwaambia maseneta mwaka 1975 kwamba alilielewa kama amri ya kuua. Septemba, mkemia wa CIA, Sidney Gottlieb, akafika mji mkuu wetu, Léopoldville, na sumu. Haikutumika. Je, mbele za Mungu nia haihesabiwi? Waliotangulia kumwua ndio waliomtakasa aliyekusudia?

Wala hakuwa wa kwanza. Aprili 1884, chini ya Chester Arthur, Marekani ilitangulia mataifa yote kuitambua bendera ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji juu ya nchi yetu. Mwaka 1890 Mmarekani mweusi, George Washington Williams, alikuja Kongo, akaona mateso, akamwandikia Rais Benjamin Harrison. Mateso yakaendelea. Rais Truman naye aliamuru ubaguzi ukomeshwe jeshini mwaka 1948, nasi twamshukuru. Lakini sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, katika Katanga hii hii, chini ya ukoloni uliowatenga baba zetu na mji wa wazungu. Jasho lao liliandikwa katika daftari gani la Washington?

Anayewaambia kwamba Eisenhower alimtetea mtu mweusi, mwulizeni: mtu mweusi wa wapi? Mwulizeni bila chuki, ila msimwachie mpaka ajibu. Nawe mwalimu wa historia, siku utakapoandika Little Rock, 1957 ubaoni, usifute ubao kabla hujaandika chini yake: Luano, 1961.