Ni Mbwa Tu

"Ni mbwa tu," jirani aliniambia usiku ule, na hakusema kwa ubaya. Ilikuwa saa sita usiku hapa Malaba, malori yamepanga foleni kungoja kuvuka Uganda, na mimi nimepiga magoti uani nikimshika Simba. Alitokwa na povu, miguu imekakamaa. Agroveti zilikuwa zimefungwa tangu jioni. Namba ya daktari wa mifugo sikuwa nayo. Mtu wa boda alimwangalia mara moja, akawasha pikipiki, akaenda zake. Kufika saa nane, Simba alikuwa ameshakufa.

Nilimlaani yule wa boda. Lakini alikuwa na haki. Povu lile lingeweza kuwa la sumu au la kichaa cha mbwa, na sikuweza kujua, kwa sababu sikuwahi kumchanja. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Kenya imepanga kukimaliza kwa binadamu ifikapo 2030, na njia kuu ni kuchanja mbwa. Mimi niliosha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, na asubuhi nikaenda kudungwa sindano ya kwanza kati ya kadhaa.

Mtaani watu huuliza: utatumiaje pesa kwa mbwa na mtoto amefukuzwa shule kwa sababu ya karo? Ni swali la haki. Kama daktari angekuja usiku ule akataka elfu tano, pengine ningeziweka za karo ya dada yangu, na nisingejilaumu sana.

Ila swali hilo lilinikuta usiku kwa sababu nililikwepa mchana. Mchana hakuna anayekulazimisha kuchagua kati ya mtoto na mbwa. Ni chanjo mara moja kwa mwaka, namba ya daktari kwa simu, soo mbili tatu za akiba kwa M-Pesa, na kujua nani ana gari la kubeba mnyama. Umaskini unaweza kunisamehe kukosa elfu tano. Hauwezi kunisamehe kutouliza namba.

Simba alitulinda miaka minne, na hakuwa na namna ya kujipangia. Ukimfunga mnyama langoni kwako, kupanga ni kazi yako.

Juzi jirani ameleta mtoto wa mbwa. Nikamuuliza kama amemchanja. Akacheka. Nikamtumia namba ya daktari.